Mkanda wa Msasa Ukikimbia, Tazama Magurudumu Kwanza

Mapema mwaka huu mkulima mmoja wa hapa Marani alifika ofisini kwetu kuuliza kama twamjua mtu anayenunua vyuma chakavu kwa bei ya haki. Nilidhani ana mabati ya zamani. Kumbe alitaka kuuza mashine ya msasa ya kikundi chao, ile ya kuwekwa juu ya meza, ambayo jamaa wanane walichanga fedha wakainunua kwa seremala aliyekuwa akifunga karakana yake. "Mwalimu," akaniambia (nimekuwa karani miaka mingi sasa, lakini watu wa hapa hawasahau kwamba nilisomea ualimu), "ile mashine imezeeka. Mkanda haukai. Tukiuweka unakimbilia pembeni, unajikata kwenye chuma, tunanunua mwingine. Mwezi mmoja tumemaliza mikanda minne."

Nilimwomba asiuze mpaka tuitazame. Mota ilikuwa nzima. Kitako chake cha chuma cha kusubu kilikuwa kizima. Kilichokuwa kimekufa ni mpira wa gurudumu moja na mgongo wa gurudumu la pili, na dawa ya vitu hivyo ilipatikana kwa fundi wa bodaboda na kwa mkereza vyuma. Nimeona yafaa nieleze kazi hiyo hapa, maana mashine kama hizi zimekuwa nyingi vijijini tangu umeme ulipoenea, hasa baada ya mpango wa Last Mile ulioanza mwaka 2015, na baadhi yake zimelala chini ya miparachichi zikishika kutu kwa sababu ya kosa hilo hilo.

Usidhani ni jambo dogo. Kikundi hiki hutengeneza mipini ya majembe kwa mti wa mkaratusi, na mizinga ya nyuki ya aina ya Langstroth. Mpini ukibaki na mikwaruzo, mkulima ataulainisha mwenyewe kwa jasho na malengelenge. Lakini fremu ya mzinga haina msamaha. Mzinga huu, ambao Mmarekani Lorenzo Langstroth alipewa hati yake mwaka 1852, hutegemea nafasi ya milimita 6 hadi 9 hivi kati ya fremu na ubao wa mzinga. Nafasi ikiwa ndogo kuliko hiyo, nyuki huiziba kwa gundi yao. Ikizidi, hujenga sega ndani yake. Na siku ya kurina asali fremu hazitoki ila kwa kuvunja. Mkanda unaotangatanga huila fremu upande mmoja na kuuacha mwingine. Wanunuzi wawili walikuwa wamekwisha kurudisha mizinga yao kwa kikundi. Hiyo ndiyo sababu hasa ya yule bwana kutafuta mnunuzi wa vyuma.

MASHINE YENYEWE

Neno msasa ni jina la mti ambao majani yake yanaparuza, na mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo. Leo msasa ni karatasi au kitambaa chenye chembe kali, na katika mashine hii kitambaa hicho kimeungwa ncha kwa ncha kikawa mkanda. Mkanda wa mashine ya kikundi una upana wa inchi 4 na mzingo wa inchi 36, yaani karibu milimita 100 kwa 915. Ni kipimo cha kawaida sana, na mikanda yake hupatikana bila shida.

Mkanda umevishwa magurudumu mawili. La kwanza nitaliita gurudumu la kuvuta: hili huzungushwa na mota, nalo limevikwa mpira ili lishike mkanda usiteleze. La pili nitaliita gurudumu la kufuata: hili huzunguka kwa kuvutwa na mkanda tu, na kwa kawaida ni la alumini tupu. Kati yao lipo bamba la chuma ambalo mkanda hupita juu yake, na hapo ndipo unapoukandamiza ubao wako. Mbele kuna springi ya kukaza mkanda, na skrubu moja ya kuelekeza, ambayo hulipinda gurudumu la kufuata kidogo sana, kushoto au kulia.

Skrubu hii ndiyo inayowadanganya watu. Mkanda ukikimbia, wao huizungusha. Ukikimbia tena huizungusha tena, mpaka ifike mwisho wake. Skrubu ya kuelekeza ni kama usukani wa gari; gari lililopoteza gurudumu halina haja ya usukani.

KWA NINI MKANDA HUKAA KATIKATI

Magurudumu haya hayakutengenezwa bapa. Katikati yamenyanyuka kidogo kuliko pembeni, kama barabara ya murami iliyotengenezwa vizuri. Maji yakianguka juu ya barabara hiyo hukimbilia mitaroni, na kwa hiyo mtu angetazamia kwamba mkanda nao uteremke kutoka katikati. Mambo ni kinyume. Mkanda hupanda.

Kama huniamini, fanya jaribio hili mezani kwako. Chukua kikombe cha plastiki cha kunywea maji, kilicho chembamba chini na kipana juu. Kata utepe mrefu wa karatasi, upana wa vidole viwili, hata katika gazeti hili ukiisha kulisoma. Anza kuuzungusha utepe huo juu ya kikombe, ukiwa umelala vizuri bila makunyanzi, wala usiulazimishe kwenda upande wowote. Utaona kwamba mzunguko wa pili hauangukii juu ya wa kwanza. Utepe unapanda kuelekea kwenye mdomo mpana wa kikombe. Mkanda wa msasa hufanya hivyo hivyo: kila sehemu mpya inayofika juu ya gurudumu hulala karibu zaidi na mahali penye unene mkubwa. Sasa tuseme umeunganisha vikombe viwili mdomo kwa mdomo. Unene mkubwa uko katikati, na mkanda ukienda kushoto hurudishwa, ukienda kulia hurudishwa. Hilo ndilo gurudumu zima.

Sasa fikiri gurudumu lililochakaa. Vumbi la mbao na chembe za msasa huingia chini ya mkanda na kusaga katikati, maana katikati ndipo mkanda unapobana zaidi. Kwanza mgongo huisha, gurudumu likawa bapa. Halafu pakaendelea kuliwa, pakawa bonde. Hapo unene mkubwa uko pembeni, kushoto na kulia. Mkanda hutii sheria ile ile ya kikombe, lakini safari hii sheria inautupa nje.

Mpira una adui wengine pia. Mpira wa kwenye magurudumu ni mpira uliopikwa na salfa, ile ile ambayo wakulima hutumia kwa ukungu wa mimea. Charles Goodyear wa Marekani alipata hati ya upishi huo mwaka 1844. Salfa hufunga nyuzi za mpira pamoja ili usiyeyuke kwa joto wala kuvunjika kwa baridi. Lakini hewa na joto huendelea kuupika polepole, miaka na miaka, mpaka unakuwa mgumu kama ukucha, ukang'aa na kupasuka. Mpira wa namna hiyo hata ukiwa na mgongo haushiki mkanda. Na ukiumwagia oili, ule mpira wa asili huvimba na kuwa laini kama ugali uliolala na maji. Wapo watu ambao mkanda ukipiga kelele hutia oili. Tafadhali, usifanye hivyo kamwe.

KUPIMA KWA RULA NA MWANGA

Kabla ya kufungua kitu chochote, zima swichi, chomoa plagi ukutani, na uiweke juu ya meza mbele ya macho yako. Usitegemee swichi peke yake. Katika nyumba nyingi zetu kuna watoto, na swichi ya mashine ni kitu chekundu kinachopendeza.

Toa mkanda. Chukua rula ya chuma, isimamishe kwa ukingo wake juu ya gurudumu, toka upande mmoja mpaka wa pili, kisha utazame kuelekea kwenye mwanga wa dirisha. Gurudumu zima rula itacheza juu ya katikati, na mwanga utapita pembeni. Gurudumu bapa halipitishi mwanga popote. Gurudumu lililoliwa rula hukaa imara juu ya kingo zake mbili, na mwanga hupita katikati. Tulipoweka rula kwenye gurudumu la kuvuta la kikundi, mwanga uliopita katikati ungetosha kusomea. Mpira ambao pembeni ulikuwa na unene wa milimita 4 ulikuwa umebaki milimita 1.

Kisha zungusha kila gurudumu kwa mkono, taratibu, ukiwa umeinamisha sikio. Likizunguka kimya, beringi ni nzima. Likikwaruza kama mtu anayetafuna mchanga, ni afadhali ubadilishe beringi wakati huu huu gurudumu likiwa nje. Pembeni mwa beringi mna namba. Iandike. Beringi yenye namba 6202 ina tundu la milimita 15, upana wa nje milimita 35 na unene milimita 11, uinunue Kisii, Kisumu au Bombay. Namba hizi ni moja dunia nzima. Kwa mashine ya vumbi taka ile yenye herufi 2RS baada ya namba, maana hiyo imefunikwa kwa mpira pande zote mbili.

Watu wengine huuliza: gurudumu likipungua unene, je, mashine haipotezi mwendo? Tufanye hesabu. Mota ya kikundi imeandikwa mizunguko 1450 kwa dakika, na puli zake mbili ni sawa kwa ukubwa, kwa hiyo gurudumu la kuvuta huzunguka vivyo hivyo. Gurudumu likiwa na kipenyo cha milimita 76, mzingo wake ni karibu milimita 239, na mkanda hukimbia mita 346 kwa dakika. Likichakaa mpaka milimita 70, mkanda hukimbia mita 319. Upungufu haufiki sehemu moja ya kumi, na ubao hautambui. Kwa hiyo unene wenyewe si shida. Shida ni umbo.

KUVUA GURUDUMU

Gurudumu la kuvuta hushikwa kwenye shafti na skrubu ndogo, mara nyingi iliyozama ndani na yenye tundu la pembe sita. Ilegeze. Tazama vizuri kama hakuna ya pili iliyofichwa chini ya ile ya kwanza. Mafundi wengi wamepasua gurudumu kwa kutoijua hiyo ya pili. Weka alama juu ya shafti kuonyesha gurudumu lilikaa wapi.

Likigoma kutoka, usipige nyundo. Alumini hupasuka, na shafti hupinda. Weka matone machache ya oili nyembamba kwenye shafti, acha usiku kucha, na asubuhi lizungushie kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Alumini hupanuka kwa joto kuliko chuma, nalo litalegea. Halafu livute kwa kifaa cha kuvutia puli, ambacho karakana nyingi za magari zinacho. Ukimaliza pangusa oili yote kabisa, kwa sababu niliyokwisha kueleza.

Mpira wa zamani ubandue kwa kisu. Usiuchome moto: moshi wake ni sumu, na joto huharibu beringi kama imo ndani. Paliposhikamana sana paruza kwa tupa, kisha usugue chuma chote kwa msasa wa namba 80 mpaka ung'ao uondoke. Gundi haishiki juu ya kitu kinachong'aa.

SOKSI YA MPIRA

Hapa nitaeleza kwanza makosa yangu mawili, ili usiyarudie.

Kosa la kwanza ni la mwalimu. Nilipoona lile bonde, nikasema jambo jema ni unyofu. Nikalisugua gurudumu la kuvuta mpaka rula ikalala sawasawa, nikajisifu. Tulipoweka mkanda, ulikaa kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini hivi, kisha ukatoka na kujipasua. Huo ulikuwa mkanda wa tano, nao niliulipa mimi. Siku hiyo ndipo nilipokwenda nyumbani kuchezea kikombe na karatasi.

Kosa la pili: nilikata ukanda wa tyubu nikaubandika kuzunguka gurudumu, ncha moja juu ya nyingine kama anayeziba pancha. Ulishika vizuri sana. Lakini pale kwenye kiungo palikuwa na unene maradufu, na kila mzunguko mkanda uliruka. Mizunguko 1450 kwa dakika ni miruko 1450. Fremu ilitoka na mawimbi kama bati.

Dawa ni kutumia tyubu bila kiungo. Nenda kwa fundi wa bodaboda umwombe tyubu ya pikipiki iliyotupwa, nene, isiyo na viraka mahali unapotaka kukata. Kata kipande chake kwa upande, kama unavyokata kipande cha mua, chenye urefu unaozidi upana wa gurudumu kwa sentimita 2. Sasa una soksi isiyo na mshono. Ili ibane vizuri, mzingo wa soksi uwe kama sehemu nne za tano za mzingo wa gurudumu. Gurudumu letu lilipovuliwa mpira lilikuwa na mzingo wa milimita 214, kwa hiyo tulihitaji soksi ya mzingo wa milimita 171 hivi. Yaani tyubu ikilazwa bapa mezani iwe na upana wa milimita 85 au 86. Nenda na rula kwa fundi, upime tyubu kadhaa.

Geuza soksi nje ndani uioshe kwa sabuni. Ndani ya tyubu kuna unga mweupe unaoteleza, ambao huwekwa kiwandani ili mpira usijigandie. Unga huo ni talki, nao huteleza kama lile jiwe laini ambalo ndugu zetu wa Tabaka huchongea vinyago na visahani. Anayejua jinsi jiwe la Tabaka linavyoteleza mkononi ataelewa kwa nini gundi haiwezi kuushika unga huo. Osha, suuza, kausha, kisha uparuze kwa msasa mpaka mpira uwe na rangi ya majivu. Tyubu nyingi za siku hizi ni za mpira wa kiwandani unaokataa gundi kuliko mpira wa asili, na usipoparuza vizuri kazi yote ni bure.

Mgongo hutengenezwa sasa, kabla ya soksi. Kata ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, unene wa milimita 1, upana wa theluthi moja ya gurudumu. Ubandike katikati kabisa, ncha zikutane bila kupandana, kisha kingo zake uzipunguze kwa msasa ziteremke polepole. Kiungo hiki hakina madhara kwa kuwa kitafunikwa.

Paka gundi ya kuzibia pancha, au ile gundi ya manjano ya washona viatu, juu ya gurudumu na ndani ya soksi, tabaka nyembamba. Ngoja mpaka ukigusa kwa kidole isikushike. Kisha vingirisha soksi kama unavyovingirisha soksi ya mguuni kabla ya kuivaa, iweke kwenye ukingo wa gurudumu na kuifungua taratibu mpaka ukingo wa pili. Fanya kazi hii watu wawili. Gundi hii ikigusana imegusana, huwezi kuvuta nyuma. Tyubu yetu ilikuwa na unene wa milimita 2, kwa hiyo tulivisha soksi mbili, moja juu ya nyingine, tukarudi karibu na unene wa zamani. Usizidishe. Kila milimita 1 ya mpira unayoongeza juu ya magurudumu yote mawili hudai mkanda urefuke kwa milimita 6 na zaidi kidogo, na springi ya kukaza ina mwisho wake.

Acha gurudumu likae siku nzima, mchana na usiku. Kisha kata mpira unaozidi pembeni.

KULICHONGA UMBO

Rudisha gurudumu kwenye shafti, bila mkanda. Tafuta ubao bapa wenye urefu wa mkono, ubandike msasa wa namba 80, na uuegemeze juu ya kitu imara kilichofungwa kwa skrubu, usiushike hewani. Washa mota, kisha uguse mpira kwa ubao huo polepole, ukianzia karibu na katikati na kuteremka pembeni, upande huu kisha ule. Mpira hutoa vumbi jeusi lenye harufu mbaya. Vaa kinyago na miwani. Kwa kuwa kifuniko cha mashine kimetolewa, kunja mikono ya shati, vua tai kama unayo, na mtu mwenye leso mabegani akae mbali. Gurudumu likishika nguo halingoji.

Uchonge mpaka lini? Huna haja ya kipimo cha fundi mkubwa. Zima mashine, chomoa plagi, chukua utepe wa karatasi, uzungushe katikati ya gurudumu na kutia alama kwa penseli. Kisha uzungushe karibu na ukingo na kutia alama tena. Alama zikiachana milimita 3 au kupita hapo kidogo, kipenyo cha katikati kimezidi cha pembeni kwa milimita 1. Hiyo yatosha kwa mkanda wa inchi 4. Mgongo ukiwa mkubwa kuliko hivyo, mkanda utabebwa na katikati tu, nao utanyooka hapo na kupasuka mapema.

Gurudumu la alumini halihitaji soksi. Letu lilikuwa na bonde jembamba, tukalipeleka kwa mkereza vyuma mjini Kisii. Hakujaza bonde, alipunguza kingo mpaka katikati pakawa juu tena. Kazi ya dakika chache. Lakini mwambie waziwazi kwamba wataka mgongo, na ukae hapo mpaka amalize. Mkereza ni mtu aliyefundishwa maisha yake yote kunyoosha, naye asipoambiwa atakunyooshea, kama nilivyofanya mimi.

KUJARIBU

Vaa mkanda ukifuata mshale uliochapwa ndani yake, maana mikanda ya kiungo cha kupandana ikizungushwa kinyume hubanduka. Mikanda ya namna hiyo haipendi unyevu, na hapa kwetu mvua haikosekani. Itundike juu ya kigogo kinene ndani ya nyumba, isikunjwe wala kulazwa sakafuni.

Kaza springi, zungusha kwa mkono mara kumi. Halafu washa na kuzima papo hapo, ukisimama kando na wala si mbele ya mkanda. Tazama unaelekea wapi, geuza skrubu ya kuelekeza robo ya mzunguko, washa na kuzima tena. Gurudumu likiwa na mgongo wake utashangaa jinsi robo moja inavyotosha. Rudisha vifuniko vyote kabla ya kuweka ubao wowote.

Mambo mawili ya hatari nisiyaache. La kwanza, watu hupenda kunoa panga kwenye mashine hii. Panga hutoa cheche, na ndani ya mashine mna vumbi kavu la mbao. Moto wake hauwaki kwa kishindo. Hufuka chini kwa chini, na huenda ukaamka usiku karakana ikiwa imefungwa. Anayetaka kunoa asafishe vumbi lote kwanza, au anoe kwa tupa. La pili ni mapafu na pua. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Kitambaa cha kujifunga usoni huzuia maganda, hakizuii vumbi jembamba ambalo ndilo linaloingia ndani. Nunueni vinyago vya vumbi, na mashine iwekwe mlangoni upepo unapopita.

Mashine ya kikundi inafanya kazi mpaka leo ninapoandika, na mkanda uliomo ni ule wa sita. Wa saba bado umetundikwa ukutani haujaguswa. Wale wanunuzi wawili wameletewa fremu nyingine. Mpira wa zamani wa gurudumu la kuvuta niliubandua ukatoka mzima, nao uko juu ya kabati ofisini, karibu na mizani ya mbegu. Anayetaka kujua mpira uliochakaa ukoje, aje siku ya soko aushike, na akija na gurudumu lake mwenyewe tutaliwekea rula.